Maji Kuingia, Maji Kutoka

Jumamosi, 14 Juni 2025

Leo naanza daftari hili, na naahidi kuandika yote, hata yanayotutia aibu. Hasa hayo. Nikijidanganya mwenyewe, nitamlaumu nani?

Aibu yenyewe ni hii. Alfajiri pantoni yetu ilichukua usipa, dagaa wa ziwa letu, kwenye kambi ya wavuvi, ikaushusha hapa Matema, halafu ikaenda Ikombe kuwachukua akina mama wafinyanzi na vyungu vyao kwa soko la Lyulilo. Ndiyo kazi yake ya kila Jumamosi tangu Baba ainunue. Sakafu pana ya mbao juu ya maboya mawili marefu ya bati, injini nyuma. Zamani ilikuwa ya kutembezea wageni wa hoteli. Sasa inabeba usipa na vyungu, na mimi naona imepanda cheo.

Kati ya usipa na vyungu, Baba na Baba mdogo Aliko waliosha sakafu kwa ndoo. Ndoo sita. Nilizihesabu. Nikadhani zinatosha.

Bibi Tulinagwe alipanda wa kwanza, maana ndiye mkubwa wa wafinyanzi. Chungu kimoja kichwani, viwili mikononi. Hatua ya pili akakanyaga utelezi wa usipa – akakaa chini kwa kishindo. Vitatu vyake vikapasuka. Mama aliyekuwa nyuma yake alishtuka, akaachia mzigo wake wa vyungu vinane. Kumi na kimoja kwa pumzi moja.

Bibi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Alivikusanya vigae kwenye khanga, akainuka ameshika nyonga, akamwambia Baba, "Zebedayo, nafinyanga mwaka wa hamsini huu. Sijavunja vitatu kwa siku." Kisha akasema maneno machache kwa Kikisi, na akina mama wote wakaanza kushusha vyungu vyao. Wakaenda sokoni kwa mitumbwi, wamebanana, mawimbi yakipiga ubavuni.

Tulirudi na pantoni tupu. Baba hajala mchana.


Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada Baba alikwenda Ikombe kumpa pole Bibi Tulinagwe. Alirudi jioni. Mama akamsubiri amalize chai, ndipo akamuuliza.

Bibi anatembea, nyonga imevimba tu. Lakini wafinyanzi wamekaa na kusema hawapandi tena pantoni inayonuka na kuteleza. Baba ameomba apewe nafasi hadi Jumamosi ijayo. Bibi hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Nitaona."

Baba hasemi, ila najua. Pantoni aliinunua kwa ajili ya wale akina mama. Mitumbwi ikijaa vyungu inakaa chini sana majini, na mwaka juzi mmoja ulipinduka mbele ya macho yake. Waliokolewa wote. Tangu siku hiyo alikuwa na neno moja tu mdomoni: sakafu pana. Sasa wamerudi kwenye mitumbwi, na ni kwa sababu ya sakafu hiyohiyo.

Shangazi Doreen amelala kwetu leo. Yeye ni dada yake Baba, anafanya biashara kati ya Kyela na Karonga, kila wiki yuko mpakani. Alisikiliza yote, akasema, "Kaka, ndoo ni ya kuogeshea mtoto." Kule ng'ambo ameona boti za samaki zinaoshwa kwa pampu. Inavuta maji ziwani yenyewe, inayarusha kwa mpira kwa nguvu, inatumia betri kama ya gari. Amempigia mtu wake simu papo hapo.


Jumatatu, 16 Juni

Pampu imefika! Ndogo kuliko nilivyofikiri, inaenea mikononi kama kuku. Ilikuja na chujio, swichi na fyuzi. Mpira, klipu na nyaya Baba amevifuata Ipinda kwa bodaboda.

Kitabu cha maelekezo ni cha Kiingereza chote. Baba alikigeuza mara mbili, kisha akanikabidhi mbele ya watu wote. "Keziya, wewe ndiye shule. Tusomee."

Nilikaa na kamusi kutoka saa nne hadi saa tisa. Neno moja moja. Niliandika kwa Kiswahili kwenye karatasi safi, hatua kumi na mbili, na pampu yenyewe nikaibandika plasta mbili zenye maandishi. Upande mmoja MAJI KUINGIA. Upande wa pili MAJI KUTOKA. Herufi kubwa, nimepigia na mstari. Mama alisema zimenyooka kama za ofisini.

Kulikuwa na ubishi. Baba mdogo Aliko alishatoa drili ili atoboe boya moja, apitishe mpira wa kuvutia maji. Nikamwonyesha mchoro. Boya halitobolewi. Mpira unashuka nyuma, karibu na injini, ndani ya bomba la plastiki lililofungwa kwenye fremu.

"Gwe Keziya, mimi nimeendesha boti kabla hujazaliwa."

Nikasema, ndiyo, Baba mdogo, na boti zote hizo zilielea kwa sababu hazikutobolewa.

Baba alikohoa ili asicheke. Drili ikarudi mfukoni. Nimeomba radhi baadaye, lakini boya ni zima.


Jumanne, 17 Juni

Kazi siku nzima. Nilikatazwa kushika mpira na spana, nikapewa kusoma hatua kwa sauti, wao wakafunga. Pampu ikakaa chini ya benchi, mahali pakavu. Fyuzi karibu na betri. Swichi kwenye nguzo ya usukani. Saa kumi Baba akasema, "Haya, washa."

Nikawasha. Pampu ikanguruma vizuri. Baba akaelekeza mpira kwenye sakafu kama mtu anayemwagilia mchicha.

Hakuna. Hata tone.

Tulisubiri. Pampu inanguruma, mpira umekauka. Watoto ufukweni wakaanza kucheka, tukaona kwa nini: nyuma ya pantoni ziwa lilikuwa linachemka. Mapovu, bulu bulu bulu, kama ugali.

Baba mdogo akasema, "Pampu ya kisomi hii. Inawapulizia samaki hewa."

Akaamua nyaya zimegeuzwa. Wakabadilisha, nyekundu ikaenda kwa nyeusi. Mapovu yaleyale. Wakarudisha. Mapovu. Shangazi akapiga simu Karonga, mtu wake akaapa kwamba pampu ni nzima. Baba akasema labda ni ya kujazia upepo maboya, tumeuziwa siyo. Alisema kwa utani, lakini uso haukuwa wa utani.

Nimesoma hatua zote kumi na mbili mara tatu. Sioni nilipokosea. Siku nne zimebaki, na naogopa kosa ni langu.


Jumatano, 18 Juni

Nimelipata. Naandika haraka kabla furaha haijaniharibia mwandiko.

Kitabu kinasema, ukurasa wa mwisho kabisa, kwamba hata ukigeuza nyaya maji hayabadili njia. Kwa hiyo si nyaya. Nikaenda pantoni peke yangu, nikalala kifudifudi, nikachungulia chini ya benchi. Mpira unaotoka ziwani ulikuwa umefungwa penye plasta ya MAJI KUTOKA. Mpira wa kuoshea umefungwa penye MAJI KUINGIA.

Nilimwita Baba. Nikamuuliza kwa adabu kwa nini alifunga hivyo. Akaniangalia kama nimeuliza jua linachomoza wapi.

"Maji yanatoka wapi, mwanangu? Ziwani. Yanaingia wapi? Botini. Umeandika mwenyewe."

Nilikaa chini. Ni kweli. Niliandika mwenyewe! Mimi niliwaza kuingia ndani ya pampu na kutoka ndani ya pampu. Baba ni mtu wa majini. Kwake maji yakiingia, yameingia chomboni. Hakuna maana nyingine, na ndiyo maana anaamka usiku mvua ikinyesha. Kamusi haikunifundisha hilo. Nilitafsiri neno nikamsahau msomaji.

Nikamweleza. Akaanza kucheka polepole, mabega yakitikisika, hadi Baba mdogo akaja kuuliza kuna nini. Baba akamwambia, "Tumemlisha mtoto kwa mlango wa nyuma."

Nikawauliza: nyinyi mngesemaje? Baba mdogo akafikiri. Akasema pampu ni kama ng'ombe, ina pa kunywea. Na ina pa kutemea. Basi. Nimebandua plasta zangu nzuri, nimeandika mpya: HAPA INAKUNYWA. HAPA INATEMA.

Klipu mbili zikafunguliwa, mipira ikabadilishana. Baba akaniambia, "Leo funga wewe." Mimi! Spana ilikuwa na joto la mkono wake. Nilikaza hadi akasema inatosha, utakata mpira.

Nikawasha. Ikanguruma, ikakohoa mara mbili, halafu maji – yakampiga Baba mdogo kifuani, maana ndiye alikuwa amesimama mbele. Hakukasirika. Alisema, "Ndaga fijo, asante sana, nilikuwa sijaoga." Watoto ufukweni wakashangilia.

Ukifunga mdomo wa mpira pampu inajizima yenyewe. Ukifungua inaamka. Tulicheza na hilo kama wajinga hadi Mama akatuita kula. Baba alikula sahani mbili.


Alhamisi, 19 Juni

Jaribio la kweli, na usipa wa kweli. Bibi Tulinagwe amemtuma mjukuu wake Hosiana aje aone. Tuko darasa moja, kidato cha tatu, lakini leo hakuja kama rafiki. Alikaa kwenye mchanga, ameweka mikono magotini, kama mkaguzi.

Tukashusha usipa. Sakafu ilikuwa inang'aa kwa ute na magamba. Baba akawasha, akaosha kuanzia usukani hadi nyuma. Dakika tatu. Maji yalikwenda na magamba yote. Harufu ikapungua kabisa. Niliona fahari.

Hosiana akavua ndala, akapanda. Hakutembea. Alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya ubao, taratibu, kama wanavyopapasa chungu kabla hakijakauka. Akapapasa penye mlango, penye benchi, kwenye kona. Kisha akaniita nipapase.

"Macho yanaona safi," alisema. "Mkono je?"

Mkono ulihisi ute. Mwembamba, kama utando wa maziwa, lakini upo. Hosiana alisema bibi yake hufunga macho akilainisha chungu. Macho hudanganywa na maji.

Baba alisimama na mpira mkononi, maji yakichuruzika miguuni pake. Nilidhani atasema tumeshindwa. Akaniuliza, "Kitabu kinasemaje?"

Kitabu hakisemi chochote kuhusu usipa. Wameandika watu wasioujua.

Basi nikafikiri mwenyewe. Mama akisugua sufuria ya uji hamwagi maji tu. Nikakimbia nyumbani, nikachukua brashi ngumu ya kufulia na kopo la mchanga. Nikamwaga mchanga kidogo, nikasugua kufuata urefu wa mbao, Baba akinifuata nyuma na mpira. Mchanga ukaondoka na ute. Tulimaliza sakafu nzima kwa dakika kumi na tano. Magoti yangu yamechubuka.

Hosiana akapapasa tena. Safari hii akiwa amefumba macho. Akatembea huku na huku na miguu iliyolowa, akasimama kwa mguu mmoja pale alipoanguka bibi yake, akaruka.

Alivaa ndala, akaniinamishia kichwa kidogo, akapanda mtumbwi wake. Nilijua nisimuulize. Amebeba ripoti ya mtu mwingine.


Ijumaa, 20 Juni

Saa nane mchana. Naandika hapa hapa ufukweni, daftari juu ya paja.

Hosiana amerudi. Bibi hakumpa jibu, amempa swali: pampu ameisikia, mchanga ameusikia, sasa anataka kujua siku ya soko nani ataosha. Na akaongeza – Hosiana aliinamisha macho akisema hili – kwamba watu waliotosheka na ndoo sita wanaweza pia kutosheka na pampu.

Baba mdogo alifungua kinywa. Baba akamwinulia mkono. Akasema, "Ana haki." Kisha akanigeukia, na hakuniuliza. Alinipa tu ufunguo wa kisanduku cha betri.

Kule Ikombe simu haishiki leo, jibu lazima liende kwa karatasi. Hosiana alisema angesubiri. Baba akaanza kunitajia maneno niandike. Bibi mpendwa, tunakuomba sana, kama utaona vyema, tusamehe, je, utakubali kupanda. Niliandika mstari mmoja wa hayo. Nikausoma. Nikaona mtu amepiga magoti kwenye karatasi, na sisi wiki hii tumepiga magoti ya kutosha kwenye mbao.

Nikaukata. Nikaandika yangu, nikamsomea Baba.

"Bibi Tulinagwe, shikamoo. Ni mimi Keziya binti Zebedayo. Nitaosha mimi. Usipa utashuka saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa kumi na mbili kamili nitakuwa nimeshamaliza kwa brashi na mchanga, na nitapapasa kona zote kwa mkono, si kwa macho. Kwenye benchi tumetandika nyasi za kukalishia vyungu. Wewe utakaa karibu na usukani, pana kivuli."

Baba mdogo akasema, "Umeandika kana kwamba ameshakubali."

Nikasema ndiyo, Baba mdogo.

Baba aliikunja karatasi. Akasema, "Acha hivyohivyo."

Mtumbwi wa Hosiana sasa umepita mwamba, naona kasia tu likipanda na kushuka. Nimemwambia asirudi bila neno. Maana chini kabisa ya karatasi, mahali ambapo Baba alitaka niulize kama atapanda au hatapanda, niliandika hivi:

"Tufike saa ngapi?"