Jembe Tulilovusha Mipaka Mitatu

Keshero, Goma, mwezi wa kumi

Baba Masika,

Tumerudi kutoka kwenu, na vumbi jekundu la Butembo bado limo katika pindo za kitenge changu. Nimekaa kwenye kiti chako. Nilijaribu kukaa kwenye changu, lakini kutoka pale naona chako kitupu, na barua haiandikiki. Huku, angalau, kilicho kitupu ni changu.

Ulizoea kunitania kwamba naandikia watu kana kwamba nasahihisha mitihani. "Madamu, achia kalamu ipumue." Nitaiachia. Lakini nitaeleza kwa utaratibu, maana wewe mwenyewe ulichukia habari inayoanzia katikati.

Ulikuwa umetuambia, mara nyingi na mbele ya watu, kwamba utalala Butembo kando ya mama yako, chini ya miti ya kahawa. Nami nilikuitikia. Siku uliyokata roho, barabara ya kaskazini ilikuwa imekwisha kufungwa na vita. Mwana wetu Muhindo aliwazungukia madereva wote uliokula nao katika miaka yako ya kuuza maharagwe. Hakuna aliyethubutu. Njia ya kuzunguka kwa Rwanda na Uganda ilihitaji karatasi, na wenye kuzitia muhuri hawakuwapo tena ofisini. Maiti haingojei ofisi. Tukakuzika hapa Goma.

Kaka yako, Muzee Paluku, alipata habari kwa simu. Sikumsikia akilia. Alisema: "Mulimutupa kwenye mawe. Mutu asiyechimbiwa udongo hajazikwa. Mimi siwezi kumaliza kilio cha mutu hajazikwa." Akakata. Tangu hapo kila tulipompigia, simu yake iliita hadi ikachoka.

Mimi ni mtoto wa upande wa Bukavu. Desturi ya nyumba yenu nilijifunza jinsi mtu anavyojifunza somo, kwa kurudia. Kwenu kilio hakimalizwi na mjane. Waliomzika mtu mbali hupeleka nyumbani jembe lililochimba kaburi, likiwa na udongo wake. Mkubwa wa nyumba hulipokea, hulinawisha mlangoni, watu hunyolewa na kula pamoja. Hapo ndipo marehemu huhesabiwa kuwa amefika, na watoto wake wana mahali pa kukaa katika uwanja wa babu yao. Kabla ya hapo ni wapita njia. Hilo ndilo lililonitesa. Kaka yako kunichukia nilikuwa nimekwisha kuzoea. Lakini Masika na Muhindo wabaki watu wasio na kwao?

Muhindo alipopata likizo kazini, mvua zikiwa ndiyo kwanza zinaanza, aliingia hapa akasimama mlangoni kama wewe, bega moja limeegemea ubao. "Mama, twende. Kama barabara Papa alikuwa anapita imekufa, tutazunguka."

Nikamwuliza: "Na jembe lipi?"

Unajua kwa nini niliuliza. Hapa Goma hakuna kaburi linalochimbwa kwa jembe. Ni mawe ya volkano tangu juu hadi chini. Kaburi lako lilipasuliwa kwa mtalimbo na nyundo kubwa. Jembe lilikuwapo, ndiyo, lakini kazi yake ilikuwa kukokota vipande vya mawe tu. Nilimwambia kama ni ukweli tunaoupeleka, tupeleke mtalimbo. Akashika kichwa: "Mama! Kuvuka frontière tatu na mutalimbo? Watasema tunaenda kuvunja banki." Masika, mkubwa wao, alicheka mpaka akalia, kisha akaendelea kulia tu. Tukachukua jembe.

Zamani, likizo kama hizi, tuliondoka alfajiri na kabla ya jioni ya pili tulikuwa kwenu. Ulikuwa unamwamuru dereva asimame Kalengera, kila mwaka, tupende tusipende, ununue mkungu wa ndizi wa kumpelekea mama yako. Hadi tunapanda baridi ya Lubero mkungu ulikuwa umebaki mifupa, na wewe unawalaumu watoto. Watoto walikuwa wamelala, Baba Masika. Nilikuwa nakuona.

Safari hii hatukupita Kalengera. Tulivuka kwa miguu hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, jembe limefungwa ndani ya gunia. Mlinzi wa mpakani alilifungua, akaniangalia viatu vyangu vya misa. "Mama, na hivi viatu unaenda kulima wapi?" Nilimjibu kwamba naenda kwa mkwe. Akalirudisha guniani kwa mikono miwili. Nadhani na yeye ana mkwe.

Tulilala Ruhengeri kwa binti ya dada yangu, yule uliyemfundisha kuendesha baiskeli. Kisha tukaingia Uganda, siku nzima ndani ya basi, milima na migomba, hadi Kasese kwa dada yako Biira. Sikujua jambo moja kabla ya kutoka. Nilidhani kulia nimekwisha kulia. Lakini katika kila nyumba tuliyobisha, kifo chako kilikuwa kibichi. Walikuwa wameambiwa kwa simu tu. Hawakuwa na mtu wa kumshika. Wakituona, ndipo wanapokilia. Biira alinirukia shingoni kabla sijavua viatu, akawa anakuita kwa jina la utotoni, jina ambalo mimi mkeo sikuwahi kulisikia. Sitaliandika hapa. Ni lako na lake.

Usiku ule Biira alinipikia chai ya tangawizi, akaniambia kwa sauti ya chini: "Wifi, Paluku ni mugumu. Ukifika usimubishe. Piga magoti, kubali yote." Nilimwambia magoti yangu yanamjua Mungu, na hata kwake siku hizi yanalalamika. Akacheka huku anafuta macho. Lakini nilikuwa naogopa. Nakuambia wewe tu.

Mpaka wa tatu ulikuwa Kasindi. Kurudi Kongo baada ya kuizunguka Kongo! Muhindo aliinama akagusa ardhi, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Toka hapo hadi Beni tulikwenda nyuma ya magari mengine kwa kuogopa kushambuliwa, kila mtu na rozari yake. Kati ya Beni na Butembo gari lilisimama dereva abadilishe gurudumu, na Muhindo akashuka na gunia, akasema anataka kunyoosha miguu. Sikutia maanani.

Tulipofika kwenu ilikuwa imenyesha. Moshi wa mikaratusi, baridi, watu wamejaa uwanjani na wote wametulia. Muzee Paluku alikuwa amekaa mlangoni, amevaa koti lile la kijivu mlilogombania. Amekonda. Uso wake umekuwa wako, Baba Masika. Sikutegemea hilo. Hakusimama. Alinisalimu kama kawaida yake: "Mama wa Bukavu, karibu." Miaka yote ile ya ndoa, sikuwahi kuitwa jina jingine mdomoni mwake.

Muhindo alipiga magoti, akafungua gunia, akalilaza jembe mbele yake. Hapo ndipo nilipoona. Lilikuwa limejaa udongo, limepakwa vizuri, mpaka kwenye mpini. Mwanao alikuwa amelipaka tope la kando ya barabara ili lifanane na jembe lililochimba.

Muzee alishika udongo ule kwa vidole viwili. Akausugua. Akaunusa. Mtu aliyelima maisha yake yote.

"Muhindo."

"Muzee."

"Goma inakuwa na udongo mwekundu tangu lini?"

Nilisikia mama mmoja nyuma yangu akisema "Yesu wangu." Muhindo aliinamisha kichwa hadi karibu paji liguse chini. Masika alinishika mkono. Nikafikiri: basi, imekwisha, watoto wangu wamefukuzwa kwao mbele ya macho yangu. Nilikumbuka shauri la Biira. Lakini unanijua. Sikuweza kukaa kimya juu ya uongo siku ya kilio chako, hata uongo wa mwanangu, hata uliotoka katika upendo.

Nilisimama. Nilisema: "Muzee, hili jembe halikuchimba kaburi. Huko kwetu jembe haliingii. Mume wangu tulimpasulia mwamba, kwa mtalimbo na nyundo, tangu asubuhi hadi mvua ikatukuta. Vijana wa mtaa walipokezana wakachoka. Hatukumtupa. Ningetaka uone mwamba wenyewe kabla ya kusema tena neno hilo."

Muzee aliendelea kuutazama udongo kwenye vidole vyake.

"Vijana walichoka," akasema. "Nani alimaliza?"

Sikutaka kujibu, maana kwenu mtoto hachimbi kaburi la baba yake. Ni kazi ya ndugu. Muhindo akajibu mwenyewe, bila kuinua kichwa. "Mimi, Muzee. Hakukuwa mutu mwingine. Mvua ilikuwa inajaa ndani."

"Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu."

Muzee Paluku alifunika uso kwa mkono ule ule wenye tope. Mabega yake yalianza kutikisika. Ndipo nikafahamu, kwa kuchelewa, kwamba mwaka mzima hakuwa amenikasirikia mimi. Alisema, na sauti haikumtoka vizuri: "Kazi hiyo ilikuwa yangu. Mutoto alifanya kazi yangu. Mimi nilikuwa hapa, na simu mukononi."

Kisha akainuka, akaokota jembe. Muhindo alitaka kumsaidia, akamwondoa kwa kiwiko. Akaenda nyuma ya nyumba, kwenye mikahawa, pale walipokuwekea nafasi kando ya mama yenu, akaanza kuchimba. Mzee wa umri ule! Wajukuu walimfuata: "Muzee, tuachie sisi." "Muniache!" akawafokea. Alichimba taratibu, anapumzika, anatema mate mikononi, anaendelea. Udongo wenu ni laini, Baba Masika. Unafunguka kama mkate. Nilisimama pale nikiutazama na roho iliniuma, kwa sababu ulikuwa umeuomba na sikukupa.

Shimo lilipofika magotini alisimama. Akanigeukia. "Lete kile cha kichwani."

Nikafungua kitambaa cheusi nilichovaa tangu siku uliyoondoka. Nywele zangu zimekuwa nyeupe zote; sikuwa nimewaonyesha hata watoto. Akakipokea kwa mikono miwili, akakikunja vizuri kuliko ninavyokunja mimi, akashuka, akakilaza ndani. "Ndugu yangu," akasema, "umefika. Ulichelewa, lakini umefika." Akafukia.

Jembe aliliosha mlangoni. Tukanyolewa: Muhindo, Masika, mimi, kisha yeye mwenyewe akaomba wembe. Tulikula maharagwe na ugali wa muhogo, na Muhindo alikalishwa kwenye kigoda chako, akashindwa kumeza, akasukumiwa sahani na watoto wa kaka yako wakimtania: "Kula, fundi wa mawe, kula! Usipokula tutakutuma Goma upasue na yetu." Masika naye aliitwa jikoni na shangazi zake kwa makelele, akalalamikiwa kwamba anamenya vitunguu kama mtu wa mjini. Nilijua wamekaa kwao.

Kesho yake, kabla hatujaondoka, Muzee Paluku alinipeleka tena kwenye mikahawa. Hakuniita Mama wa Bukavu. Aliniita "muke wetu". Alinionyesha kwa fimbo mahali patupu, upande wa pili wa kile kijikaburi. "Hapa ni pako. Siku ikifika, barabara iwe imefunguka ao haijafunguka, mimi nitafanya mpango. Kama si mimi, watoto wangu."

Miaka yote ile nilingoja mtu wa nyumba yenu aniambie neno kama hilo. Nililia kuliko siku ya maziko. Nikamshika mkono, nikamwambia: "Asante, Muzee. Lakini mume wangu yuko peke yake kwenye mawe."

Muhindo alikuwa nyuma yetu na mizigo. Akaguna: "Mama, unataka kunipa mutalimbo tena?" Muzee akacheka. Mimi pia nilicheka, na kicheko kilinishangaza, kilikuwa kimekaa sana ndani.

Jana nilikuja kukueleza haya pale makaburini, lakini kulikuwa na maziko mengine karibu, na nyundo zilikuwa zinapiga, sikuweza kusikia sauti yangu. Ndiyo sababu nimeandika. Nyumba ina utulivu mbaya. Redio yako nimempa Masika. Sauti za habari nilikuwa nazivumilia kwa ajili yako tu. Chai bado namimina vikombe viwili, kisha nakunywa vyote viwili, kwa sababu nililelewa na masista nisimwage chakula.

Baba Masika, kwenu wanakuhesabu. Watoto wana mahali. Kwa hayo mawili unaweza kupumzika, na mimi najaribu. Sitakuahidi kwamba nitaacha kulia. Sijawahi kukuahidi nisichoweza. Ninakuahidi hili: sitakwenda kwenye udongo laini nikakuacha wewe na mwamba. Nimemwambia Muhindo, na Masika ni shahidi. Wapasue, hata wakichukua siku mbili, hata wakinilaani.

Ukisikia nyundo zinakaribia ubavuni mwako, usishtuke. Sogea kidogo.

Mkeo,
Mama Masika