Mtungi wa Kuoshea Maiti

Valparaiso, Amerika ya Kusini
9 Machi 1912

Mpendwa Shangazi Batuli,

Amahoro, Shangazi, na salamu nyingi. Natumaini huko Rumonge mu wazima wote na miguu yako imeacha kuvimba. Mwalimu Hamissi anayekusomea namsalimu pia, na namwomba asiruke neno. Mimi mwili ni mzima, bado napika melini kwa Wadachi. Ila moyo una aibu.

Meli inatengenezwa, basi tumepewa ruhusa ya kutembea. Mji huu umeparamia vilima. Kuna vibanda vinavyovutwa kwa kamba ya chuma mpaka juu, na watu wamekaa ndani wanapiga soga kama wako barazani. Nilipanda nimefumba macho, nikasoma kila dua uliyonifundisha. Mwanao Chausiku angenicheka mpaka leo.

Juzi wenzangu wa jikoni walinipeleka nyumba ya makumbusho, wanakoweka vitu vya kale nyuma ya vioo ili watu waje kutazama. Nilivaa kanzu na kofia, nikajiona bwana. Tuliona ndege waliokaushwa, mikuki, mitumbwi. Chumba cha mwisho, Shangazi, wameweka watu. Maiti wakavu wa jangwani, wamekunjwa magoti, kila mmoja na chungu chake ubavuni. Na mimi nimesimama pale natafuna karanga.

Akaingia bibi mmoja wa nchi hii, akakaa chini mbele ya kioo, akawa anawasemesha wale wafu taratibu. Mlinzi akamwinua kwa mkono, akamtoa. Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Tulimkuta nje kwenye ngazi. Akanitazama toka kofia mpaka viatu, akaniuliza kwa upole, na Kihispania changu cha sokoni kilitosha kumwelewa: "Na wa kwenu wamewekwa chumba gani?"

Nilimjibu kwamba wa kwetu bado hawajaletwa. Hapo hapo nikaukumbuka mtungi wako, ambao kila nyumba ikifiwa huja kuuazima kwa kuoshea maiti. Uliniandikia kuwa yule Mdachi anayekusanya vitu vya kale anautaka, nami nikakujibu kwa majivuno ya msafiri: mpe, ni heshima kwetu uonekane Ulaya. Heshima gani, Shangazi? Mama yangu alioshwa kwa mtungi ule, na maji niliyateka mimi ziwani.

Mdachi huyo akirudi mwambie Asmani amekataa, lawama iwe yangu. Kama ameshauchukua, usinifiche. Nitukane unavyotaka, nimestahili.

Nisalimie Chausiku, mjomba Radjabu wa Minago na Wema mdogo wangu. Mola akulinde, akuepushe na wageni wenye maneno matamu, nikiwemo mimi.

Sitaki barua ndefu. Nijibu neno moja tu, Shangazi: mtungi bado upo?

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukuonea haya,
Asmani