Samaki wa Baba Yake Benoît

Jumapili, 23 Aprili 1995

Benoît amekuja tena na maua. Maua! Binti yangu Rolande aliyapokea kana kwamba kaletewa mbuzi mzima. Kijana mwenyewe sina neno naye. Anasalimia kwa mikono miwili siku hizi, maana binti yangu amemfundisha, na ugali anaula bila kutafuta uma. Lakini mimi simpi Benoît peke yake mtoto. Nampa ukoo. Nikamwambia: wewe nimekuona mwaka mzima, baba yako sijaona hata kivuli chake.

Akaona haya. Akasema baba yake, Bwana Antoine, ni mjane, amestaafu, hana maneno mengi. Ila ananialika Jumamosi tukavue samaki kwenye bwawa lake, nje ya mji.

Kwetu Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa mwanamume ndio unaokuja kubisha hodi. Wanakuja na kinywaji mkononi na mzee wa kuwasemea. Leo mimi, baba wa binti, nipande treni niwafuate! Nimempigia simu kaka yangu Bienfait, yuko Matonge, mtaa wa watu wa kwetu hapa Ubelgiji, akafoka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio:

"Bon, donc sisi ndio tunabafuata? Mutoto mwanamuke ni ya kwetu! Bao ndio bakuje hapa!"

Mwishowe akakubali niende — kupeleleza tu. Ukoo utakaa hapa kwangu Saint-Josse siku ya Pentekoste, na siku hiyo nitatoa jibu. Ndiyo au hapana. Rolande ameniambia jikoni, huku anaosha vyombo, kwamba nikikataa hataolewa kwa siri. Lakini hataniletea mwingine. Ana miaka ishirini na sita na kichwa kigumu kama changu. Anaposema hivyo ujue amesema. Naogopa, niandike tu.

Jumamosi, 29 Aprili

Mtu akienda kwa wakwe anavaaje? Suti ya bluu. Tai. Viatu nilivyoving'arisha jana mpaka mke wangu Claudine akasema vinatosha kunyolea ndevu. Nikapanda treni Gare du Midi hivyo hivyo, nimenyooka.

Stesheni ya huko nikapokewa na mzee mrefu, mabuti ya mpira hadi mapajani, koti limetoboka kiwiko. Tukatazamana. Mmoja wetu alikuwa amekosea sherehe!

Hakucheka. Hilo nimpe. Akafungua buti la gari, akanitolea mabuti mengine, nikayavaa chini ya suti.

Bwawa lenyewe — mtu wa Tanganyika analiona beseni. Miti pembeni, matete, bata wawili. Na uvuvi wake, sijawahi kuona. Hakuna wavu, hakuna taa, hakuna hata mnyoo. Anatumia nzi wa bandia: manyoya yaliyofungwa kwa uzi juu ya ndoana. Kitu chepesi hivyo utakirushaje? Kumbe uzito uko kwenye mshipi wenyewe. Unaurusha nyuma ya kichwa, unangoja unyooke wote huko nyuma usikouona, ndipo unauleta mbele. Antoine alinisimamia: ngoja... ngoja... sasa! Mimi na kungoja, wapi. Mara ya tatu nzi akanasa mgongoni mwa koti langu. Aliyeomba radhi ni yeye.

Halafu akapata samaki. Black-bass, anamwita. Kijani, mnene, mdomo mpana kama mfuko wa sadaka. Nikaanza kumeza mate kabisa. Antoine akamshika mdomo wa chini kwa kidole gumba, samaki akatulia tuli. Akamchomoa ndoana. Akainama, akamrudisha majini!

Nikamwuliza kwa nini. Akasema ndivyo anavyofanya, miaka ishirini sasa hajaua hata mmoja.

Kwenye treni sikuwa na raha. Mtu anahangaika asubuhi nzima kumpata, anamshika, anamtazama, halafu anamwacha. Samaki anakwenda zake na tundu mdomoni. Na huyu ndiye aliyemlea Benoît! Siku Benoît akichoka kumtazama mwanangu itakuwaje?

Jumapili, 30 Aprili

Claudine bado ananicheka. Jana nilimkuta ameshakata vitunguu, mafuta yapo motoni.

"Papa Rolande, samaki iko wapi?"

Nikamweleza. Akashika kiuno. "Eh! Balimurudisha? Ulienda kuloba siku muzima, unaniletea harufu tu? Na sahani ya kichwa nilisha kukuwekea!"

Kwa habari ya kichwa. Nimekumbuka leo kanisani, badala ya kusikiliza mahubiri. Nyumbani kwa baba yangu kichwa cha samaki kilikuwa cha baba, hakuna aliyekigusa. Siku wakwe walipokuja kumposa dada yangu Adelina, watu waliongea mchana kutwa, baba kimya. Chakula kilipokuja akachukua sahani yake yenye kichwa, akaisogeza mbele ya baba wa kijana. Basi. Wanawake wakapiga vigelegele. Hakusema neno hata moja, na sijui kama angeweza.

Jumamosi, 13 Mei

Nimerudi bwawani. Bienfait hajui. Safari hii bila tai — shati tu, lakini limepigwa pasi.

Joto limeanza. Antoine alinishika mkono akanipeleka ukingo wa pili, akaniashiria nisipige kishindo. Penye maji mafupi, chini, kulikuwa na duara limefagiliwa safi kama ua wa nyumba. Na juu yake black-bass mmoja, haendi mbele wala nyuma. Dume. Jike hutaga akaenda zake, dume ndiye hubaki kulinda. Hali chakula. Akija samaki mwingine anamfukuza. Akija mvuvi na nzi wake anamrukia vilevile, si kwa njaa, kwa hasira. Ukimtoa hapo kwa dakika chache tu, mayai yameliwa. Kwa hiyo upande huu Antoine havui mpaka watoto waondoke.

Tulichuchumaa pale muda mrefu. Ndipo akasema, macho kwenye maji, kwamba mkewe alifariki Benoît akiwa na miaka saba. Kwamba hakujua kupika ila mayai. Walikula mayai mpaka mtoto akaugua tumbo. Kwamba watu walimwambia ampeleke kwa shangazi, hakumpeleka.

Nikamwambia kwetu tungemletea mwanamke wa kupika, apende asipende. Akacheka kwa mara ya kwanza, na meno yake ni mabovu. Nilimpenda mtu huyu leo, na nikajikasirikia kumpenda.

Alhamisi, 25 Mei. Sikukuu ya Kupaa

Nimepata! Mimi, Rigobert!

Antoine alinifungia chura mdogo wa bandia wa kizibo, anaelea, ukivuta mshipi analia "bwop". Nilirusha nyuma. Nikangoja. Safari hii nilingoja kweli, hata niliuhisi mshipi ukininyoosha mkono. Chura akatua kando ya matete. Bwop. Bwop. Kisha maji yakapasuka! Ufito wa kuvulia ukapinda, nikapiga kelele kwa Kiswahili na bata wakaruka.

Mnene kama paja la mtoto. Nikamshika mdomo kwa kidole gumba nilivyofundishwa, akatulia, jicho linanitazama. Nikawaza vitunguu vya Claudine. Nikawaza mkono mtupu haulambwi. Antoine akageuka upande, anajifanya anafuta miwani. Ni wako, akasema. Fanya upendavyo.

Nikainama nikamrudisha.

Sijui kwa nini. Alikaa kidogo mkononi mwangu hata nilipomwachia, kama hajaamini. Kisha akapiga mkia akaniloweshea uso.

Sasa nirudi nyumbani na nini? Mara ya tatu mikono mitupu! Nikashuka Porte de Namur, nikaingia duka moja la Matonge, nikanunua tilapia, nikamfunga kwenye gazeti. Nikampa Claudine kifua mbele: huyo, nimemvua mwenyewe. Akamgeuza. Akamgonga juu ya meza — ko, ko, ko.

"Samaki ya leo, ndani ya tumbo barafu inatoka wapi? Ile bwawa, ile étang yenu, iko ndani ya frigo?"

Rolande alicheka mpaka akakaa sakafuni. Wiki nyingi hajacheka hivyo humu ndani. Nikalazimika kusema ukweli, wa samaki niliyemrudisha. Hapo akaacha kucheka. Akaniuliza, "Papa, vraiment? Ulimurudisha weye mwenyewe?" Akainuka akaenda kumpigia Benoît simu ukumbini. Nikasikia "barafu", nikasikia kicheko, kisha sauti ikashuka na sikusikia tena.

Jumamosi, 3 Juni

Kesho. Viti tumeazima kwa jirani. Bienfait amesema baba yake Benoît akija mikono mitupu, mambo yameishia mlangoni, hata bia hatafunguliwa. Nami nilishaapa mbele yake mwezi uliopita: mtu asiyeleta samaki nyumbani simpi mtoto. Mdomo wangu huu, na Rolande alikuwepo!

Na jibu sina. Wajukuu watanisalimia kwa Kifaransa, "bonjour papy", na nitawajibu nini? Na Benoît ni mpole, lakini upole ni wa mchana. Siwezi kuuona mshipi ulio nyuma yangu, najua tu kwamba bado haujanyooka, na kesho watataka niulete mbele.

Jumapili, 4 Juni. Pentekoste

Niko chumbani. Nimesema nabadilisha shati. Wako sebuleni wote.

Alikuja saa saba kamili na Benoît. Nilikuwa dirishani. Antoine katika suti! Nyeusi, inambana, labda ya mazishi ya mkewe, na viatu vimeng'arishwa. Amepanda ngazi zote huku amekumbatia kifurushi cha gazeti lililolowa maji. Mlangoni hakusalimia kwanza. Alinipa kifurushi kwa mikono miwili.

Black-bass. Mkubwa. Hana barafu.

Akasema polepole, sauti ya chini, mimi nikisikia peke yangu: si yule anayelinda. Ni wa upande wetu wa matete. Asubuhi hii. Ilibidi ampige mara mbili. Macho yake mekundu. Miaka ishirini, mtu huyu!

Na samaki ana tundu dogo mdomoni, pembeni. Huenda ni wangu. Huenda siye, amewatoboa wengi. Sikumwuliza, na sitamwuliza.

Bienfait alimpima juu mpaka chini, akapima samaki. "Bon," akasema. Akafungua bia.

Sasa nasikia mafuta. Wameshaongea mahari, wameshaongea kanisa, kila mtu amesema isipokuwa mimi. Rolande amesimama mlango wa jikoni, taulo mkononi, anaikunja anaikunjua. Nilimpita nikija huku. Hakunitazama.

Claudine amegonga. Ananong'ona nje ya mlango: "Papa Rolande, chakula iko tayari. Kichwa nakuwekea weye, si ndiyo?"

Nimemwambia ndiyo. Kiweke kwangu, kwenye sahani kubwa, na kiti changu kiwe mkabala na Antoine.

Ila sijui kama Mbelgiji anaweza kula kichwa chenye macho. Hasa yeye. Hasa huyu samaki. Akikisukuma kando, Bienfait atasimama. Nami sina namna ya kumweleza kabla, kitu hiki hakielezwi.

Wananiita. Suti ya bluu, basi. Kwenye mgongo bado kuna tundu la nzi.