Kona Uliyoiacha Bila Kulima

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini nitaanzaje kukusemesha bila kukuamkia? Ungekuwapo nami nisikuamkie, ungenitazama tu mpaka adabu inirudie.

Nina habari njema, na wa kwanza niliyetamani kumwambia ni wewe. Kibali kimetoka. Tutachimba shambani kwetu.

Unakumbuka nikiwa darasa la nne, tunapalilia kabichi kule mteremkoni? Jembe langu liligonga kigae cheusi chenye mistari, nikakitupa kando kama jiwe. Wewe ukakifuata, ukakipangusa kwa shati. "Zaina," ukasema, "huyu mwenye chungu alijisumbua kukipamba. Hakuwa mtu wa haraka." Nikakuuliza ni nani. "Sijui. Hata babu yangu alivikuta vigae hivi. Kasome, uje uniambie."

Nikasoma akiolojia, nijue habari za watu walioishi kabla ya maandishi. Uliponipigia simu chuoni hukuuliza matokeo. Uliuliza, "Mmefika kwenye vyungu?"

Wiki iliyopita nilipanda milimani kwetu na wenzangu wawili ninaofundisha nao chuoni, kupanga mahali pa kuchimba. Tulikuwa na ramani, kamba na vigingi. Nilichagua katikati ya shamba, vigae vinapozagaa zaidi. Baba mdogo Hamisi, ambaye ndiye analima hapo siku hizi, akasimama kati yetu na kabichi zake.

"Mwanangu, hizi zimebakiza wiki tatu. Na hata zikitoka, mkishauchimbua udongo wangu mimi nitapanda wapi? Sikatai elimu. Nakataa shimo."

Nilimweleza kuwa shimo ni mita mbili kwa mbili tu, na udongo utarudishwa. Akatikisa kichwa. Bila ridhaa yake hakuna uchimbaji. Nilishaanza kukunja ramani, machozi yakinilengalenga, mama alipofika na chupa ya chai.

"Kwani kwa nini mchimbe hapo?" akauliza. "Hapo marehemu aliyakata matuta yote upya. Udongo wa chini uko juu, wa juu uko chini."

Wenzangu wakatazamana. Sisi tunausoma udongo tabaka kwa tabaka. Ukishavurugwa, hautuambii kipi kilitangulia. Tungechimba msimu mzima tukaambulia fujo.

"Nendeni kule kwenye majani ya ng'ombe," mama akasema, akionyesha kona ya chini. "Kule hakutia jembe tena tangu Zaina aende sekondari."

Baba, miaka yote nilidhani kona ile ni ya malisho. Baba mdogo yeye alikuwa akisema umeanza uvivu wa uzee.

"Nilimuuliza kwa nini ardhi nzuri vile inalala," mama akaendelea. "Akaniambia, 'Pale kila nikipiga jembe nakuta majivu na vyungu. Kuna mtu aliacha jiko lake. Mimi nitalivunja bure. Namwachia Zaina, aje alifunue kwa utaratibu.'"

Nilikaa palepale kwenye udongo uliolowa umande, nikalia huku nacheka. Baba mdogo akavua kofia. "Kaka hakuniambia," akasema taratibu. Kisha akageuka. "Haya, kule chimbeni. Majani nitayakata mwenyewe." Kesho yake aliyakata kweli, akaja na maswali mengi kuliko wanafunzi wangu: watu hao walikula nini? Baridi hii ya kwetu waliiwezaje?

Tutaanza masika yakiisha. Sijui tutakuta nini. Pengine jiko zima, pengine majivu tu. Lakini nina furaha ambayo sijaionja tangu tukuzike. Nilidhani kazi hii nimebaki nayo peke yangu, kumbe ulikuwa umenitangulia kuianza.

Tulipomaliza kupima, nilimpa mama kigingi cha kwanza. Akajifunga khanga kiunoni, akakipigilia mara tatu, akarudi nyuma kukitazama.

"Kimepinda," baba mdogo akasema.

"Kinyooshe wewe basi, shemeji!"

Wakacheka mpaka jirani wa mteremko wa pili akapaza sauti kuuliza, "Kulikoni huko? Mnajenga?"

"Hatujengi!" mama akamjibu, nyundo bado mkononi. "Tunapiga hodi kwa wenyeji!"

Mwenyezi Mungu akupe raha huko uliko, baba.

Mwanao wa kwanza,
Zaina