Kadi ya Yusto Niliyoificha

MAELEZO YA ZIADA YA SHAHIDI
Jina: Yudith Elibariki Mgonja. Umri: miaka 58. Kazi: mkulima wa tangawizi. Makazi: kitongoji cha Mferejini, Pare Kusini. Yameandikwa Same, tarehe 20/05/2024, saa 3:40 asubuhi.

Yusto, mshtakiwa wa kuchoma ghala la jirani yetu Rodgers, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Niliyoyasema hapa mwezi wa pili si kweli. Andika hivyo hivyo, afande.

Yusto anaumwa akili tangu mwaka 2011. Kila mwezi nilikuwa namshusha Same kliniki, anachukua vidonge, tunarudi, analima kama mtu mwingine yeyote.

Mnamo tarehe 6/01/2024 wazee wa upande wa mchumba wa binti yangu Blessing walikuja kuulizia ukoo, kama ilivyo desturi kabla ya posa. Wakauliza, "Mama, huku kwenu kuna ugonjwa wa kichwa?" Nikajibu hakuna. Tangu siku hiyo sikumpeleka tena kliniki, nikiogopa watamwona pale. Nikamwambia apumzike dawa mpaka harusi ipite. Akasema, "Sawa, dada." Alikuwa ananiamini.

Tarehe 11/02/2024, kama saa 8 mchana, alichoma ghala akidai tangawizi inamtukana. Rodgers aliungua mikono akiokoa magunia. Polisi waliponiuliza kama mdogo wangu ana tatizo la akili, nikasema ana hasira tu. Kadi yake ya kliniki nilikuwa nimeificha ndani ya kitabu changu cha nyimbo.

Harusi ilifungwa tarehe 20/04/2024. Ilipendeza, sikatai.

Tarehe 16/05/2024 nilienda mahakamani. Yusto amekonda, anaongea na ukuta. Alipopita karibu yangu alisema, "Shikamoo, mama," kana kwamba hajawahi kuniona. Hakimu akauliza kama yupo ndugu anayejua afya yake ya akili, maana asiyejielewa hawezi kujibu mashtaka, hupelekwa kwanza hospitali Dodoma. Mkwe wangu alikuwa ameketi pembeni yangu. Nikanyamaza tena, na kesi ikaahirishwa mpaka tarehe 30.

Najuta, afande. Kadi hii hapa, naikabidhi. Naomba apelekwe akatibiwe. Blessing nimemweleza jana. Ninayoyajua nimeyasema yote, na safari hii ni kweli tupu.

Sahihi ya shahidi: Y. E. Mgonja

Mwandishi: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali ni sahihi. Aliomba yale ya mwezi wa pili yafutwe. Nimemweleza hayafutwi, yatakaa pamoja na haya. Kabla ya kusaini ameomba niongeze kuwa Yusto akipewa vidonge kwa maji huvitema. Apewe kwa uji, na mtu akae naye mpaka amalize. Nimeongeza.
Koplo Swalehe, saa 4:25 asubuhi.