Samaki wa Nne

Jumanne, 2 Septemba

Madaftari thelathini na nane ya darasa la tano. Nimesahihisha ishirini. Mengine kesho asubuhi kabla ya kengele.

Baba alirudi kutoka sokoni jioni na mtungo wake kama kawaida. Tafi wanne, wamefungwa kwa ukindu. Mmoja wake, mmoja wa Mama, mmoja wa kaka Athman, mmoja wangu. Samaki anaouza mezani pake ni wa watu. Wa mtungo ni wa nyumbani, na huhesabu kwa vichwa vyetu. Amefanya hivyo tangu nikiwa mdogo.

Tulikula sinia moja. Baba akatoa miiba kwenye samaki wangu, akausukuma mnofu upande wangu kwa vidole viwili. Nina miaka ishirini na minne. Nina shahada. Bado ananitolea miiba.

Nikangoja atazame pembeni, nikausogeza mnofu kwa Athman. Athman haulizi. Athman anakula.

Wiki ya tano tangu nirudi kutoka chuoni. Kila jioni mchezo ule ule. Najichukia.

Alhamisi, 4 Septemba

Watu watataka kisa. Watataka niwaambie nilimwona ng'ombe akilia, au nilisoma kitabu. Sina kisa. Mwaka wa mwisho nilikuwa najipikia chumbani, maharagwe na mboga, kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo. Siku moja nikagundua miezi mitatu imepita sijala nyama wala samaki, na nafsi imetulia. Kama chumba chenye redio iliyokuwa ikilia siku zote, mtu akaizima.

Niliporudi nyumbani nilijaribu. Nilitafuna kipande cha nguru. Hakikupita.

Ni hilo tu. Si dini mpya, si mtindo, si maradhi. Lakini nitamwambiaje hayo mtu aliyenisomesha kwa samaki?

Baba si msemaji. Wenzangu baba zao huwasifu, au huwafokea. Wangu hutoa miiba. Nikimwambia sili samaki, atanipa nini tena? Hiyo ndiyo hofu yangu, yote. Nimeiandika.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimesema. Sikupanga.

Athman ndiye aliyeanza. "Mama, mbona huyu kila siku ananisukumia samaki wake? Nitanenepa nikose mchumba." Mama akacheka. Baba hakucheka. Alikuwa ameshika mnofu, mkono uko njiani kuja kwangu.

Nikasema, Baba, mimi sili samaki siku hizi. Wala nyama. Wala kuku.

"Waumwa?"

"Siumwi, Baba."

"Kuna aliyekukosea humu ndani?"

"La, Baba. Hakuna."

Akautazama ule mnofu vidoleni kama mtu aliyesahau alikuwa anaupeleka wapi. Kisha akaurudisha upande wake. "Haya, mwanangu." Akanawa mikono. Hakuwa amemaliza kula.

Jumamosi, 6 Septemba

Mtungo wa leo: tafi watatu.

Nimewahesabu mara mbili.

Jumapili, 7 Septemba

Shangazi Mwanaidi, dada yake Baba, amekuja baada ya adhuhuri. Habari zimemfikia. Sijui kwa nani. Mama hakunitazama machoni.

Alipokea shikamoo yangu akashika kiganja changu, akakigeuza, akavuta kope ya chini kuangalia kama nina damu. Kisha akamuuliza Mama, nikiwa nimekaa pale pale, kama nimepata siku zangu. Nilipata. Mama akamwambia. Nikatamani mkeka unifunike.

Basi dhana ya mimba ikaondoka. Kikaja kijini cha bara, kilichonifuata kutoka chuoni na kinachochukia harufu ya bahari. Kisha vidonda vya tumbo. Kisha Wazungu wa Watamu, ambao kwa Shangazi ndio chanzo cha kila kitu.

"Hata kuku huli?"

"Hata kuku, Shangazi."

"Kuku wa kienyeji?"

"Hata yeye."

Hilo lilimuumiza kweli. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila ukali, "Mwanangu, usije ukaharamisha alichohalalisha Mola." Nikamwambia sijaharamisha kitu. Wale wote. Mimi tu ndiye sili. Akasema sawa, ila mtu hakatai samaki kwa baba muuza samaki. Ni sawa na kukataa jina lake.

Aliondoka akaniachia kopo la asali. Nampenda Shangazi. Nilimkasirikia hadi magharibi, halafu nikala asali.

Mtungo: watatu.

Jumatatu, 8 Septemba

Chumba cha walimu, Gede. Mwalimu Wanjiru, aliyehamia kutoka Nyeri, aliona chakula changu, wali na mchicha tupu. Nikamweleza. Nilijiandaa kwa dhihaka.

"Sasa hiyo nayo ni habari?" akasema. "Kwetu tulikula nyama Krismasi, na ilikuwa ni mfupa. Karibu kwetu."

Mwalimu wa hesabu akauliza protini napata wapi. Hajawahi kuniuliza nilipokuwa nakunywa chai na mandazi mchana kutwa.

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu Ijumaa.

Nyumbani: watatu. Baba alikula kichwa kikiwa chini. Vidole vyake vilitoa mwiba mmoja, vikakaa nao, vikauweka chini. Mnofu hakuupeleka kokote.

Jumatano, 10 Septemba

Tangu Jumamosi kumekuwa na bakuli langu kwenye sinia. Juzi majani ya kunde kwa nazi. Jana boga. Leo kisamvu, kimetwangwa laini kama hakina mshipa hata mmoja. Sijawahi kula kisamvu kama kile.

Nilimwambia Mama, asante kwa kunihangaikia. Akasema, "Mimi nimepika tu." Akageukia jiko. Nilidhani amechoka na mimi.

Niandike ukweli. Mboga ni tamu na nalia ndani. Kwa sababu samaki wangu hayuko. Nimemkataa mwenyewe na bado namtaka awe pale, amefungwa na wenzake, hata kama ataliwa na Athman. Ni ujinga. Nilitaka Baba aendelee kuhesabu hadi nne.

Alhamisi, 11 Septemba

Baba ana homa. Amelala mchana, jambo asilolifanya. Athman amekwenda kuangalia meza sokoni.

Hakuna bakuli langu leo. Hakuna aliyekumbuka. Nimekula wali na chumvi, na sikujali.

Nimemuudhi mpaka ameugua. Najua si kweli. Daktari amesema malaria na amempa dawa. Nimeandika hivyo hivyo.

Ijumaa, 12 Septemba

Mama alimpikia Baba supu ya samaki changu. Homa imemlegeza Baba vidole, hawezi kushika mwiba. Mama alikuwa ameitwa nje na jirani. Nikakaa kitandani nikachukua bakuli.

Nikamtolea miiba. Harufu haikunisumbua. Nilitafuta kila mwiba kwa ncha ya kidole nikaupanga ukingoni mwa bakuli. Alikuwa ananitazama.

"Wa shingoni mdogo," akasema. "Usiusahau."

"Nimeutoa, Baba."

Akafungua kinywa. Nikamlisha hadi ikaisha.

Jumamosi, 13 Septemba

Asubuhi, hodi mlangoni. Mama mtu mzima, ana kitenge na furushi la majani kichwani, miguu ina udongo mwekundu. Mgiriama. Akaniuliza kama hapa ndipo kwa Mzee Shee muuza samaki. Akasema yeye ni Mama Kadzo, analima Sabaki, kando ya mto.

Nikamkaribisha. Nikamwambia Baba anaumwa, ila ana nafuu.

"Ndiyo maana," akasema, akashusha furushi. "Siku mbili hakupita, leo pia kimya. Nikasema labda mtoto amerudi kula samaki."

"Mtoto gani?"

"Si bintiye asiyekula samaki." Akanitazama vizuri. "Kumbe ni wewe."

Akakaa kizingitini, akaniambia. Baba hununua samaki alfajiri kule Sabaki, mto unapoingia baharini. Tangu Jumamosi iliyopita, akimaliza, alikuwa anapita shambani kwake na tafi mmoja, amefungwa ukindu peke yake. Mara ya kwanza Mama Kadzo alimuuliza bei. Baba akasema huyu hauzwi. Huyu ni wa binti yangu. Yeye hali. Mpe kitu anachokula.

Nikaketi sakafuni mbele yake.

"Na ana maneno mzee huyo," Mama Kadzo akaendelea. "Hachukui fungu hivi hivi. Anaingia shambani anachuma mwenyewe. Hili limekomaa, hili lina wadudu, hili litamkwaruza koo. Nikamwambia, Mzee, hizi ni mboga, unazichagua kama unachagua mkwe."

Baba ana maneno? Baba yangu?

"Wajukuu zangu wamenona kwa ajili yako," akasema akiinuka. "Tafadhali usije ukaanza kula samaki."

Nikamuuliza kwa nini Baba hakuniambia. Akashangaa swali. Akasema, "Alidhani wajua. Si mboga wazila?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Alikuwa anajua. Baba alimwambia apike tu.

Nimekaa uani na furushi mapajani. Majani ya maboga. Nimelia vizuri, kwa sauti, mpaka Athman akatoka akauliza nani amefariki.

Jumatatu, 15 Septemba

Madaftari ya darasa la tano, yote yamekwisha.

Baba ameanza kazi leo, nusu siku. Amerudi na mtungo. Sikuuhesabu.

Nilimchambulia Mama majani ya maboga, nikamenya nyuzi. Nilifanya haraka. Tukala sinia moja, sote wanne. Nilitaka kumwambia Baba kwamba najua. Nilikuwa na sentensi tayari tangu Gede. Athman alikuwa anasimulia habari za mteja aliyerudisha samaki kwa sababu eti anamkodolea macho, na Mama anacheka, na sentensi ikapita.

Baba akanyoosha mkono kwenye bakuli langu. Akapapasa. Akakuta kikonyo kimoja kigumu, kile nilichokipita kwa haraka zangu, akakitoa akakiweka ukingoni, karibu na miiba yake. Kisha akazisukuma mboga upande wangu kwa vidole viwili.

Nikala.