Kibirika Nilichokisugua kwa Majivu

Kabula, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Mwangaluka, kama huko China kumekucha. Kama ni jioni, ipokee hivyohivyo. Mkono unaoandika ni wa Mama Sita, jirani. Maneno ni yangu, na nimemkataza kuyapamba.

Nimesikia umejifungua. Nimesikia kwa watu, Kabula! Mimi niliyekulea tangu tulipomzika mama yako, nimeambiwa na muuza dagaa mnadani, huku ananifungia dagaa. Nikipiga simu, hupokei. Najua ni kwa sababu ya kile kibirika. Lakini kila nikikiangalia nazidi kuchanganyikiwa, ndiyo maana nimekaa hapa nasema na wewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukishachoma vyungu? Vikipoa, wewe unagonga kwa kidole, mimi nimekupa mgongo nasikiliza tu. "Kizima. Kizima. Hicho kina ufa, weka kando." Ukaanza ujanja, ukagonga kimoja mara mbili. Nikakwambia, "Hicho umeshakigonga, mwizi wewe," ukacheka mpaka ukakaa kwenye majivu. Na ulimi nilikufundisha: ukilamba chungu kikang'ang'ania ulimi, ujue moto haukukitosha. Wanawake wa huku Ushirombo walikuwa wananiletea vyungu vya wafinyanzi wengine niwaambie wanunue au waache. Sikukosea hata mara moja. Nakwambia hivyo ili ujue mtu aliyekipokea kibirika cha mumeo Limbu alikuwa nani.

Siku mliyokuja kujitambulisha nilichinja kuku wawili, nikawapikia na matobolwa ya viazi vitamu. Kijana wa watu akaingia, Mchina mweupe kama unga, akainama akasema, "Shikamoo, bibi." Nikamjibu marahaba, lakini moyoni nikasema, huyu ndiye anayekuja kuninyang'anya. Wachimbaji wa Nyarugusu walimpa jina la kwetu, Limbu, wakamsifu kwamba karasha likikataa kusaga mawe, yeye analigusa tu linasaga. Mimi sikutaka sifa. Nilitaka kasoro.

Akafungua kitambaa, akatoa kibirika cha udongo, kidogo, unaweza kukificha kwenye kiganja. Nikakigonga mbele ya babu zako. Kikalia vizuri kuliko chungu chochote nilichowahi kufinyanga. Nikakilamba, hakikushika ulimi. Nikakipapasa, udongo umechekechwa mpaka umekuwa kama ngozi ya mtoto, halafu ndani yake unasikia vichembe vidogovidogo vya mchanga. Kifuniko ukikizungusha hakichezi. Limbu akatia maji, akamimina, yakatoka uzi mmoja, hayakurukaruka, wala tone la mwisho halikutambaa kwenye kidevu cha kibirika. Akaziba kwa kidole kile kitundu cha kifuniko, maji yakakatika. Akaachia, yakaendelea. Babu zako wakasema, "Eeeh!"

Nikakasirika. Ndiyo, nilikasirika kwa sababu kilikuwa kizuri. Nikachungulia ndani, nikaona cheusi, cheusi kama sufuria ya pombe. Nikasema, nimempata! Mtu analeta zawadi ya uchumba haijaoshwa!

Mlipokuwa mnakula nikazunguka nyuma ya jiko. Nikachukua majivu, mchanga na gunzi la mahindi nililolikatakata ili liingie. Nikasugua mpaka mkono ukauma. Kisha nikakichemshia uji wa mtama, kama tunavyofanya kwa chungu kipya kisivuje. Nikakirudisha sebuleni kinang'aa, nikajiona mwanamke hodari.

Limbu akafunua, akanusa. Akafumba macho. Wewe ndiye uliyesema, "Bibi, umefanya nini? Kilikuwa cha marehemu baba yake. Hakioshwi. Chai aliyokunywa mzee miaka yote ilikuwa humo, hata ukitia maji matupu yananukia chai."

Nami nikafungua mdomo huu. Nikasema, "Kwani huyo baba yake alikuwa haogi?"

Kabula, ule ulikuwa utani. Wewe ni mke mwenzangu, basi Limbu ni mume wetu; mume wa mjukuu hutaniwa na bibi. Kijana wa huku kwetu Bukombe angenijibu vibaya zaidi, angesema mimi ndiye ninayenuka moshi, tungecheka, tungekula. Nikadhani Kiswahili chake kinaishia kwenye shikamoo. Ukaniambia taratibu, "Bibi, anaelewa." Akasimama, akakiacha kibirika mezani, akasema zawadi ni zawadi. Mkaondoka jua likiwa bado kali. Kuku wa pili hakuguswa.

Sasa sikiliza kinachonichanganya. Mama mkwe wangu alikuwa na kibuyu cha maziwa. Hakikuguswa na sabuni. Kilifukizwa moshi wa mti wake, na kwa harufu tu uliweza kusema maziwa haya yametoka kwa nani. Mtu angekisugua kile kibuyu, ningemkimbiza na mchi mpaka Kahama. Nayajua hayo tangu ujana. Ilikuwaje nikatazama chai ya marehemu nikaona uchafu? Mikono yangu ilikuwa imeshaniambia kwamba chombo ni chema. Ulimi ulisema chema, na sikio pia. Mimi mwenyewe nikawakatalia wote.

Najaribu kurekebisha. Kila asubuhi nakitia majani ya chai. Mwanzoni nilitia na maziwa na sukari, kikachacha, kikanuka kama shuka la mgonjwa, nikalia kama mtoto. Sasa natia chai ya rangi tu, sikioshi, naimwaga nakiacha kikauke. Kimeanza kuwa cha kahawia kule chini. Jana nilitia maji matupu nikanusa. Kuna harufu. Lakini ni ya nani? Ya mzee imebaki kwenye udongo, au ni yangu na moshi wa jiko langu? Kama ni yangu, je, nimerudisha kitu au nimemkalia marehemu kwenye kiti chake? Nikikigonga, kinalia kizima kama siku ile. Hakina ufa popote. Na mimi sijui kusikiliza kitu kisicho na ufa ambacho kimevunjika.

Mama Sita anasema nimalize kwa kuomba msamaha kwa heshima. Mimi heshima yenyewe sijui inaanzia wapi huko kwenu. Limbu, mume wetu, kama unasomewa haya: nilikitafutia chombo chako kosa kwa sababu nilikuogopa wewe. Baba yako sikumjua, nikamtukana kwenye nyumba yangu. Nimekosa. Ukitaka kunitukana na wewe, nitukane, ni haki yako, ila nitukane kwa sauti niisikie.

Na wewe Kabula, sikuombi urudi. Sikuombi unitumie kitu. Kwa desturi yetu ningemshika mtoto mimi, nikamwita jina la mmoja wa wazee wetu. Hilo nimelipoteza kwa mdomo wangu, nimekubali. Lakini muuza dagaa hakujua hata kama ni wa kike au wa kiume. Jumapili baada ya misa Mama Sita atapiga simu. Usipopokea, tutapiga Jumapili inayofuata. Ukipokea huna haja ya kunisalimia. Nitajie tu jina mlilompa, polepole, mara mbili, ili nijifunze kulitamka kabla sijafa.

Ni mimi, bibi yako, mke mwenzako mwenye mdomo.